Kutengeneza Nerikiri kwa Mkono: Mwongozo Kamili, Kuanzia Maharage Meupe hadi Ua la Ume (Plamu ya Kijapani)

Miongoni mwa vitamutamu vya jadi vya Japani, ambavyo kwa jumla huitwa wagashi, nerikiri ndiyo inayowavutia wanaoanza kuliko vyote, kwa sababu ndani ya donge dogo lisilozidi gramu 50 fundi huweza kuonyesha ua la sakura, jani la momiji lililogeuka jekundu au theluji iliyotua juu ya tawi. Mwanafunzi mpya hutamani kushika mara moja kijiti cha kuchorea petali. Hata hivyo, ubora wa nerikiri huamuliwa mapema zaidi, sufuriani, pale maharage yaliyopondwa yanapokaushwa juu ya moto. Yakibaki na maji mengi, petali hulala na mistari hufutika; yakikauka kupita kiasi, donge hupasuka ukingoni mara tu linapobonyezwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maharage na moto, na mapambo yamepewa nafasi ndogo.

Nerikiri hutengenezwa kwa anko nyeupe, yaani maharage meupe yaliyopikwa, yakachujwa maganda na kupikwa tena pamoja na sukari, kisha ikaongezwa gyuhi, ambayo ni unga wa mchele unaonata uliopikwa kwa maji na sukari mpaka ukavutika. Wako mafundi wanaotumia kiazi kikuu cha Kijapani badala ya gyuhi. Huko Kyoto mafundi wengi hupendelea konashi, ambayo ni anko inayochanganywa na unga wa ngano, ikapikwa kwa mvuke na kukandwa. Huwa ngumu kidogo na yenye kushikamana zaidi. Vitamutamu hivi vilistawi katika zama za Edo, zilizoanza mwaka 1603, wakati sukari iliyoletwa kwa meli za Wachina na Waholanzi kupitia Nagasaki ilipozidi kupatikana, na katika karne ya 18 shoguni (mtawala wa kijeshi) Tokugawa Yoshimune akahimiza muwa ulimwe ndani ya nchi. Mwaka 2022 serikali ya Japani iliusajili rasmi ufundi wa nerikiri na konashi kuwa sehemu ya urithi wa kitamaduni wa nchi hiyo.

Viungo na vifaa

Kwa madonge kumi hivi utahitaji gramu 250 za maharage meupe makavu, sukari nyeupe isiyopungua gramu 300, gramu 10 za unga wa mchele unaonata, na rangi ya chakula kidogo sana. Kuhusu maharage, chagua madogo meupe ya kawaida, ya mavuno ya karibuni. Yaliyokaa ghalani muda mrefu hukataa kuiva hata yakichemshwa saa nyingi. Kuhusu unga, mafundi hutumia shiratamako, ambao husagwa pamoja na maji kisha ukakaushwa na kuwa chembe kubwa zisizo sawa. Usipoupata, mochiko utafaa, nao huuzwa katika maduka mengi ya bidhaa za Asia. Unga wa mchele wa pilau au wa vitumbua haufai hapa. Mchele wa kawaida una amilosi nyingi, ambayo ni aina ya wanga, na hiyo ndiyo inayoufanya mchanganyiko ugande na kuwa mgumu ukipoa, ilhali mchele unaonata karibu hauna amilosi kabisa.

Kiini cha ndani kwa desturi ni anko nyekundu ya azuki. Azuki ni jamii moja na kunde na choroko, na asiyezipata anaweza kutumia kunde nyekundu ndogo bila kuona haya: katika eneo la Tokyo kunde hutumika badala ya azuki katika wali mwekundu wa sherehe, kwa sababu azuki hupasuka maganda zikichemka na jambo hilo lilihusishwa na mkosi wa mtu kupasua tumbo lake. Kwa zoezi la kwanza, lakini, tumia anko nyeupe iliyobaki kuwa kiini. Utakuwa na jambo moja tu la kupika.

Vifaa vya lazima ni mizani inayopima gramu moja moja, sufuria pana isiyoshika chakula, mwiko wa mbao wenye ncha bapa, chujio la matundu madogo, bakuli kubwa mbili, na vitambaa vya pamba visivyo na manyoya wala harufu ya sabuni. Kijiti cha pembetatu cha mbao, ambacho Wajapani hukiita sankakubera, ni chombo kizuri chenye kingo tatu tofauti: moja kali, moja butu na moja inayochora mistari miwili kwa pamoja. Si lazima ukinunue mwanzoni. Kipande cha mbao ngumu kilichochongwa na kupigwa msasa vizuri kitafanya sehemu kubwa ya kazi.

Kupika anko nyeupe

Loweka maharage kwa maji mengi usiku kucha, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, kisha mwaga maji hayo. Yaweke kwenye sufuria na maji mapya, uyachemshe kwa nguvu kwa dakika kumi, umwage maji tena na kuyasuuza. Hatua hii ina kazi mbili. Kwanza inaondoa ukakasi ambao ungeharibu ladha nyepesi ya anko. Pili, maharage ya jamii hii yana lektini, sumu ya asili ambayo huharibiwa na mchemko mkali lakini haiharibiwi na joto la chini. Ndiyo sababu haifai kuyaanzisha kwenye jiko la umeme linalopika polepole.

Yarudishe motoni kwa maji mapya yanayoyafunika kwa vidole viwili, punguza moto mpaka maji yawe yanatikisika tu, na upike kwa saa moja au moja na nusu, ukiongeza maji kila yanapopungua. Maharage hayapaswi kuonekana juu ya maji hata mara moja. Yameiva pale punje ukiiminya kati ya kidole gumba na kidole kidogo inapopondeka bila nguvu na bila kiini kigumu katikati. Jaribu punje tano au sita kutoka sehemu mbalimbali za sufuria. Usitie sukari katika hatua hii kwa sababu yoyote ile, maana sukari huzuia maharage kuendelea kulainika, na yakishakaza huna namna ya kuyarudisha.

Sasa weka chujio juu ya bakuli kubwa, mimina maharage kidogo kidogo pamoja na maji, na uyasugue kwa mgongo wa kijiko huku ukiongeza maji safi ili nyama ya maharage ipite chini na maganda yabaki juu. Wengi hapa huuliza kama blenda haiwezi kuokoa muda. Inaweza, lakini inaharibu kitu ambacho hakionekani kwa macho. Maharage yanapopikwa, protini huganda kuizunguka wanga ndani ya kila seli, na seli hizo huachana zikiwa nzima. Hizo ndizo chembe laini zinazofanya anko iyeyuke mdomoni bila kunata kwenye meno. Visu vya blenda huzipasua, wanga humwagika, na unachopata ni uji wa gundi. Sugua kwa mkono.

Bakuli likijaa, liache litulie kwa dakika kumi na tano. Chembe zitazama na maji ya rangi ya maziwa yatabaki juu. Yamwage taratibu, ongeza maji safi ya baridi, koroga na uache litulie tena. Rudia mara mbili au tatu, mpaka maji ya juu yaonekane karibu kuwa maangavu. Ukizidisha utaondoa hata ladha ya maharage, na anko itabaki tamu tu bila kuwa na kitu kingine. Halafu mimina yote katika kitambaa cha pamba, kikunje na ukikamue kwa nguvu zako zote. Kinachobaki, kikavu na chenye kumomonyoka mkononi, huitwa anko mbichi. Kipime kwenye mizani. Kwa gramu 250 za maharage makavu kwa kawaida hupatikana karibu gramu 400, lakini kamua za watu hazilingani, kwa hiyo tegemea mizani yako na si makadirio ya mtu mwingine.

Sukari iwe asilimia 60 ya uzito wa anko mbichi, yaani gramu 240 kwa kila gramu 400. Wasiopenda utamu hushawishika kuipunguza hadi nusu ya hapo, nami siwashauri, kwa sababu sukari haiko hapa kwa ajili ya ladha peke yake: inashika maji, inalipa donge ulaini na inachelewesha kuharibika. Anko yenye sukari chache hukauka upesi na kupasuka wakati wa kufinyanga. Utamu huo una mahali pake pia, kwani nerikiri huliwa kabla ya matcha, chai ya kijani ya unga, isiyotiwa sukari.

Weka sukari sufuriani na maji kama mililita 100, ichemshe mpaka iyeyuke, kisha tia anko mbichi yote. Pika kwa moto wa wastani ukikoroga muda wote, mwiko ukifagia chini ya sufuria na si kuzunguka juu juu. Baada ya dakika chache itaanza kutokota na kurusha matone ya moto sana, kwa hiyo vaa mikono mirefu na usiinamie sufuria. Rangi ikianza kugeuka kahawia, moto ni mkubwa. Iko tayari pale mwiko ukipita unaacha njia inayoonyesha chini ya sufuria kwa muda kabla ya kufunga, na kipande ukikidondosha kinakaa kama mlima wenye ncha badala ya kusambaa. Iteremshe ikiwa bado laini kidogo kuliko unavyotaka, kwa kuwa hukaza inapopoa. Itandaze kwa vipande vidogo kwenye sinia ili mvuke utoke haraka, kisha ifunike kwa kitambaa chenye unyevu. Unaweza kuigandisha kwenye friza, ikiwa imefungwa vizuri, kwa majuma kadhaa.

Kutoka anko hadi nerikiri

Chukua gramu 300 za anko nyeupe. Kabla ya kuigusa, tayarisha gyuhi: weka gramu 10 za unga wa mchele unaonata kwenye bakuli, ongeza mililita 20 za maji kidogo kidogo huku ukivunja mabonge kwa kidole mpaka yaishe kabisa, halafu tia gramu 20 za sukari. Ipike katika sufuria ndogo kwa moto mdogo, au kwenye maikrowevu kwa vipindi vya sekunde thelathini ukikoroga katikati, mpaka iache weupe wa maziwa, iwe ya kung'aa kidogo na ivutike ukiinua kijiko. Ikibaki na weupe, unga haujaiva na nerikiri itakuwa na ladha ya unga mbichi.

Rudisha anko motoni katika sufuria isiyoshika chakula na uikaushe kwa moto mdogo ukiigeuza na kuibandika ukingoni, mpaka uso wake uonekane wa ungaunga kama wa kiazi kilichochemshwa na kukung'utwa. Kipimo cha mafundi ni mgongo wa mkono: chukua kipande, kibonyeze kwa upole juu ya mgongo wa mkono wako, nacho kikiondoka bila kuacha chochote, kiasi cha maji kimefika mahali pake. Kikiacha utandu mweupe, endelea dakika moja zaidi na ujaribu tena. Kipimo hiki ni bora kuliko saa, kwa sababu muda hutegemea upana wa sufuria, nguvu ya jiko na jinsi ulivyokamua.

Ongeza gyuhi ingali moto na uikoroge kwa nguvu ndani ya anko kwa dakika mbili au tatu, mpaka isionekane tena. Sasa inafuata kazi ambayo wanaojifunza peke yao huiruka. Mimina donge kwenye kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa sana, lifunge na kulikanda kupitia kitambaa, halafu lifungue na ulikate vipande vidogo vya ukubwa wa kidole gumba ili mvuke utoke. Likusanye, likande, likate tena. Baada ya kurudia mara tatu au nne donge huwa jeupe zaidi, sawasawa kila mahali, na laini kama ndewe ya sikio, kipimo ambacho wapishi wa Japani wenyewe hukitumia. Lifunike likapoe kabisa. Nerikiri ya vuguvugu haifinyangiki.

Rangi

Rangi ya unga iyeyushwe kwa matone mawili ya maji. Usiitie kwenye donge lote. Chota kwa ncha ya kijiti, ipake kwenye kipande kidogo, kikande mpaka kiwe na rangi kali, kisha ongeza kutoka kipande hicho hadi kwenye donge kubwa kidogo kidogo. Kwa kijani, matcha inatosha na inaleta harufu nzuri. Simama mapema kuliko unavyodhani unapaswa kusimama: uzuri wa nerikiri uko katika rangi zilizofifia, na waridi iliyokolea huifanya ifanane na sabuni ya kuogea.

Kufunga kiini

Gawa nerikiri katika madonge ya gramu 25 na kiini katika vidonge vya gramu 15, vyote vikiwa vimeviringishwa na kufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. Kiini kinapaswa kuwa na ugumu ulio sawa na wa donge la nje au kuzidi kidogo. Kikiwa laini zaidi, kitasukumwa upande mmoja na ganda litakuwa nene huku na jembamba kule.

Weka donge katika kiganja cha mkono usioutegemea na ulibonyeze liwe duara bapa la upana wa sentimita sita hivi, katikati pakiwa panene kuliko ukingoni. Weka kiini katikati. Kwa ncha za vidole viwili vya mkono wa pili kandamiza kiini chini kwa upole, huku vidole vya mkono ulioshika vikilizungusha donge hatua fupi fupi. Kila likizunguka, ukingo hupanda kidogo kukizunguka kiini. Usiuvute ukingo juu, kwani ukivutwa hupasuka. Uache upande wenyewe kwa kuwa kiini kinashuka. Ukifika karibu na juu, tumia mkunjo ulio kati ya kidole gumba na kidole cha shahada kuufunga mdomo, bana, kisha viringisha kwa viganja ili alama ya kufungia ikae chini. Kata moja katikati uitazame. Ganda likiwa na unene ule ule pande zote, umeshaelewa. Lisipokuwa hivyo, ponda yote, tenganisha rangi, na urudie. Zoezi hili halina njia ya mkato, na kwa maoni yangu mtu asiguse kijiti cha kuchorea kabla hajaweza kufunga madonge matano mfululizo bila kiini kuchungulia.

Maumbo ya kuanzia

Umbo rahisi kuliko yote hupatikana kwa kitambaa. Weka donge katikati ya kitambaa chembamba chenye unyevu, kusanya pembe, songoa mara moja na kubana kwa vidole juu. Ukifungua, mikunjo imejichora yenyewe. Ukiunganisha kabla ya hapo nusu nyeupe na nusu ya kijani na kuipaka mipaka kwa kidole, rangi zitaingiana bila mstari.

Baada ya hapo jaribu ua la ume, yaani plamu ya Kijapani, ambalo huchanua mwishoni mwa majira ya baridi na ndilo zoezi la kawaida la Februari. Tengeneza shimo dogo katika donge jeupe, weka humo kipande cha waridi chenye ukubwa wa dengu mbili, funika, na ufunge kiini kama kawaida kwa namna ambayo waridi itakuwa upande wa juu. Rangi itaonekana kwa mbali chini ya weupe. Bapaza donge kidogo. Tia alama tano hafifu kwa ncha ya kijiti kabla ya kubonyeza mstari wowote, kwa sababu mgawanyo wa tano ukikosewa hauwezi kurekebishwa. Kisha kwa ukingo mkali bonyeza kutoka chini kuelekea katikati, kwa kina zaidi pembeni na kwa wepesi juu. Zungushia kila petali kwa ncha ya kidole mpaka makali yaishe. Kwa chavua, sukuma nerikiri ya manjano kupitia chujio, chota nyuzi chache kwa kijiti na uzitue katikati. Futa kijiti kwa kitambaa chenye unyevu baada ya kila mstari.

Kinton ni ya namna nyingine. Donge la rangi husukumwa kupitia chujio la matundu makubwa hadi litoke kama nyuzi, na nyuzi hizo hubandikwa kwa vijiti juu ya kiini cha anko, kuanzia pembeni chini na kumalizia juu, bila kukandamiza. Kwa rangi za zambarau na buluu huwa ua la ajisai la Juni. Krisanthemumu inayokatwa kwa mkasi, ambapo mamia ya petali ndogo huinuliwa safu kwa safu kutoka katikati, ni nzuri mno kutazama lakini iache kwanza: donge lake lazima liwe gumu kiasi fulani mahususi, na utakijua kiasi hicho baada tu ya kupika anko mara nyingi.

Kula, kuhifadhi na kuendelea

Nerikiri ni ya kuliwa siku hiyo hiyo. Ifunike mara tu ukimaliza, maana hewa huikausha ngozi ndani ya muda mfupi. Katika chumba cha chai mgeni huikata kwa kijiti cha mti wa kuromoji na kuimaliza kabla ya kupokea bakuli la matcha, hivyo utamu unakuwa umetangulia ukali. Ikibidi kuiweka, chombo kisichopitisha hewa ndani ya jokofu kitaitunza kwa siku moja au mbili. Kwa muda mrefu zaidi igandishe, kisha iache iyeyuke polepole ndani ya chombo kikiwa bado kimefungwa, ili maji ya mvuke yatue nje ya chombo na si juu ya ua.

Anayefika Kyoto anaweza kujifunza kwa saa moja hivi pamoja na fundi, kwani baadhi ya maduka ya zamani, Kanshundo likiwa mojawapo, huwapokea wageni katika madarasa mafupi. Huko utapewa nerikiri iliyokwisha kukaushwa na kutiwa rangi, kwa hiyo utajifunza mikono na hutajifunza sufuria. Anayetaka kuifanya kazi huingia katika shule za ufundi kama Tokyo Seika Gakko, yenye idara maalumu ya wagashi, au huajiriwa dukani kama mwanagenzi, na baadaye hufanya mtihani wa serikali wa ufundi wa kutengeneza vitamutamu wenye ngazi mbili. Dukani, kazi ya kwanza ya mwanagenzi kwa kawaida huwa kuosha vyombo na kuangalia maharage yanavyochemka.